Mahali pa Kuweka Sauti ya Dada

Asubuhi za Juni huku kwetu juu Mbinga ukungu hauna haraka ya kuondoka. Unalala ndani ya ngoro, yale mashimo tunayochimba mlimani ili tulime bila udongo kukimbia, na ukitazama kutoka mlangoni utadhani mtu amepita usiku akimimina maziwa shimo kwa shimo. Asubuhi moja ya namna hiyo nilikuwa jikoni nachambua maharage, nikamsikia dada yangu anacheka sebuleni.

Sikushtuka. Nilichowaza ni kwamba amepanda kutoka ziwani bila kuniarifu, nami sina mboga ya maana ya kumpa. Nikainuka na ungo mkononi, nikavuka uwanja, nikafika mlangoni, ndipo nikakumbuka kwamba dada tumemzika Lundo, kando ya Ziwa Nyasa, na mvua mbili zimeshapita.

Mjukuu wangu alikuwa ameinamia kompyuta yake. Sauti ilitoka humo.

"Zima hiyo," nikasema.

"Samahani, bibi. Nilikuwa nahakikisha kama bado yupo."

"Yupo Lundo kaburini. Haendi kokote."

"Nasema sauti, bibi."

Nikamtazama vizuri. Mjukuu wangu ni mwalimu wa sekondari, mtu mzima, si wa kulialia. Lakini macho yalikuwa mekundu.

Kwa asiyejua, mjukuu huyu alitumia likizo zake kadhaa kuzunguka mlimani na ziwani akirekodi sauti za wanawake wazee. Walimweleza mbegu za zamani, majina yake, nani alizileta na zilipikwaje. Akazipanga kwenye tovuti ili watoto wetu walioko Songea, Dar es Salaam na kwingineko wasikilize. Ya dada yangu ndiyo ndefu kuliko zote, karibu saa nzima, kwa Kinyasa chetu cha utotoni. Mimi sikuwahi kuisikiliza mpaka mwisho. Kila nikifika pale anapoguna kabla ya kucheka, niliamuru izimwe.

Tovuti ile ilikaa mahali pa bure, na wenyewe walikuwa wameandika kwamba mwisho wa mwezi wanafunga. Kila mtu ahamishe vitu vyake.

"Si unayo kwenye simu?" nikauliza.

"Simu niliyorekodia ndiyo ile iliyoniponyoka Mbamba Bay, bibi, nikishuka kwenye boti."

"Kwa hiyo dada yuko hapo tu."

"Hapo tu."

"Na tukichelewa?"

"Anafutika."

"Na ukimhamishia pabaya?"

Alifikiri kidogo. "Anaweza kufutika vilevile, bibi. Ila hatutajua lini."

Nikaweka ungo chini. Mtu akifa unazoea kwamba hayupo. Kumbe kuna kufa kwa pili nilikokuwa sikujui, na huko kulikuwa na tarehe.

Mimi shule niliishia darasa la nne, mengine nikayapata kwenye kisomo cha watu wazima. Lakini jambo la kupanga na kupangisha nalijua, maana nina vyumba viwili uani ninavyowapangisha watumishi wanaoletwa huku kutoka mikoa mingine. Kwa hiyo mjukuu aliponieleza kwamba seva ni mashine iliyoko ndani ya nyumba, nyumba yenye walinzi na upoozaji, na kwamba watu wanakodi nafasi humo wakaweka vitu vyao, nilielewa. Wengine husema vitu hivyo vinaelea angani. Uongo. Viko ndani ya nyumba, na nyumba ina mwenye nyumba, na mwenye nyumba ana tabia zake.

Jumamosi nikamwita barazani mpangaji wangu wa chumba cha kwanza. Yeye ni afisa TEHAMA wa halmashauri, mtu wa Singida, anayeshinda na mashine hizo. Akaja na kandambili, akanisalimu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kaa. Leo unalipa kodi kwa akili."

"Hiyo akili nikiwa nayo, bibi, ningekuwa na nyumba yangu."

Nikamwekea chai. Wageni hushangaa kwamba tunalima kahawa mlima mzima halafu tunakunywa chai. Afisa alishaacha kushangaa. Mjukuu akageuza kompyuta wote tuone, ingawa mimi niliona mistari tu, ikitambaa kama siafu. Alikuwa amepunguza wenye nyumba wakabaki watatu.

Wa kwanza yuko Ulaya. Bei yake kwa mwezi haifiki sukari tunayotia kwenye chai kwa wiki mbili, na chumba chake ni kikubwa kuliko vyote.

"Mbona rahisi hivyo?" nikauliza.

"Kwa sababu hana mtu wa kuongea na wewe," afisa akajibu. "Ukiwa na shida unaandika, unasubiri. Wakijibu, wanakuambia usome maelezo. Na ukipitisha siku za malipo, hawakupigii. Wanafuta."

"Wanafuta bila kugonga mlango?"

"Wanatuma barua pepe."

"Mimi mpangaji akichelewa, nagonga. Wewe mwenyewe nimekugongea mara ngapi?"

"Bibi, mbele ya mwalimu jamani."

Wa pili yuko Dar es Salaam. Huyo anapokea simu, anasema Kiswahili, unamlipa kwa simu bila kutafuta kadi ya benki. Lakini chumba chake ni kidogo na bei ni mara nne ya yule wa Ulaya. Tena mjukuu akaniambia kwamba mle ndani wapangaji wengi wanatumia mashine moja. Mmoja akipata wageni wengi, wengine wote wanazorota.

"Kama bomba letu la maji ya mserereko," nikasema. "Wa juu akianza kufyatua matofali, sisi wa chini tunapata matone."

"Hasa hasa," afisa akasema, akaongeza sukari.

Wa tatu yuko Afrika Kusini. Mwaka wa kwanza bei yake inapendeza, na tovuti inafunguka upesi. Mjukuu alishampenda. Ila afisa akasogeza maandishi mpaka chini kabisa, kwenye herufi ndogo kama mbegu za mchicha, akatuonyesha kwamba mwaka wa pili bei inapanda zaidi ya maradufu.

"Huyo mtoe," nikasema.

"Bibi, tunaweza kuhama kabla ya mwaka kuisha."

"Kuhama ndiko kunakokuliza sasa hivi. Umtafutie dada yangu kuhama kila mwaka?"

Wakabaki wawili. Wakaanza kubishana, mjukuu anataka Ulaya kwa ajili ya nafasi, afisa anataka Dar kwa ajili ya mtu wa kumpigia. Nikawaacha waongee. Ukungu ulikuwa umeingia mpaka barazani, na ndani ya ukungu ule maneno yao yakaanza kusikika mbali, nikaona kitu kingine kabisa. Niliona vibuyu viwili vimening'inia juu ya jiko la mama mkwe wangu.

Nilipoolewa huku mlimani nikitokea ziwani, mama mkwe alinifundisha mambo mengi kwa kunikaripia, na moja lilikuwa la mbegu. Maharage ya mbegu hayakai nyumba moja. Kibuyu kimoja kinatundikwa juu ya jiko ili moshi ufukuze wadudu. Cha pili kinashushwa ziwani kwa ndugu, na ndugu naye anakupa mbegu yake ya mpunga uitunze juu. Kabla ya kupanda unachukua kumi kutoka kila kibuyu, unafunga kwenye kitambaa kibichi, unaweka pembeni ya jiko siku nne. Zikiota, unajua una mbegu. Zisipoota, una kitu cha kujaza kibuyu tu.

Mwaka wangu wa pili niliambiwa nishushe kibuyu kwa dada Lundo. Mvua ilinyesha, njia ilikuwa utelezi, mimi nina mimba. Nilifika nikampa dada maharage ya kula niliyobeba kwenye kitambaa, ya aina ile ile, mekundu yenye shingo nyeupe. Kibuyu chenyewe nilikuwa nimekificha nyumbani, maana kilikuwa kizito. Niliporudi nikakitundika kimyakimya juu ya jiko lile lile, nyuma ya mwenzake, penye giza la moshi. Nilijiambia paa ni zuri, jiko ni zuri, nani atajua.

Jiko liliungua mchana wa jua, sote tukiwa shambani. Tuliona moshi tukadhani ni mtu anachoma majani. Mama mkwe alipofika alisimama akatazama majivu, akasema tu, "Basi tuna kile cha ziwani." Sikuweza kufungua mdomo. Nikashuka Lundo peke yangu siku iliyofuata, nikilia njia nzima, nikijua siendi kuchukua chochote.

Dada alinisikiliza. Kisha akaingia ndani, akatoka na kitambaa changu, fundo langu mwenyewe halijafunguliwa. Maharage hakuyapika. "Chukua," akasema, "mvivu wewe." Nikapanda nayo mlimani nikiwa kama ninayeota. Mbegu tunayopanda mpaka leo ilitoka kwenye kitambaa kile, na miaka yote nimemwambia kila mtu kwamba dada yangu alikuwa na akili ya kuona mbele.

Basi nikarudi barazani, chai imepoa, nao bado wanabishana.

"Nakala inakaa wapi?" nikauliza.

"Nakala ipi, bibi?"

"Ya pili. Usiniambie una moja."

Mjukuu akaonyesha kidole kwenye mistari. "Huyu wa Ulaya ukiongeza kidogo anakuhifadhia nakala."

"Wapi?"

"Kwake."

"Paa lile lile?"

Akamtazama afisa. Afisa akakuna kidevu. "Inategemea, bibi. Mara nyingine jengo lile lile, chumba kingine."

"Sitaki chumba kingine, nataka nyumba nyingine, mlima mwingine na mwenye nyumba mwingine. Chukueni Ulaya kile kikubwa cha bei rahisi, watu wasikilizie huko. Halafu chukueni kile kidogo cha Dar, muweke sauti za wazee tu, zile zisizo na nakala popote. Huyu asiyegonga mlango akifuta, tunampigia anayepokea simu."

Afisa akaweka kikombe chini, akasema, "Bibi, hiki ndicho tunachofundishwa kozini siku tatu na posho juu."

"Hiyo posho ungenipa mimi."

Mjukuu akafanya hivyo. Jumatano jioni akaniambia kila kitu kimehama, Ulaya kipo, Dar kipo, siku tano kabla ya kufungwa. Nilijisikia mkubwa. Alhamisi nilitembea kwenda jumuiya nikiwa nimenyoosha shingo, kama mtu aliyemrudishia mama mkwe kibuyu chake.

Lakini Ijumaa, nikiwa nafunga maharage kumi kwenye kitambaa kibichi, mkono ulisimama wenyewe.

"Hebu nisikilizishe hiyo ya Dar," nikamwambia mjukuu.

"Ipo, bibi. Tazama, jina lake hili hapa. Na Ulaya hili hapa."

"Jina sitaki. Mchezeshe aongee."

Akamchezesha. Dada akaanza kuongea, na jiko zima likajaa harufu ya ziwa, au mimi ndiye niliyeisikia, harufu ya usipa, dagaa wetu wa ziwa, walioanikwa mchangani na makuti yaliyolowa. Alitaja mihogo, alitaja mpunga, alitaja mama yetu. Nilifika pale anapoguna. Safari hii nikauma midomo, nikamwacha acheke. Akaendelea kidogo. "Halafu mwaka ule jiko la mdogo wangu lilipo..."

Kimya.

"Endelea," nikasema.

"Imeishia hapo, bibi."

"Haiwezi kuishia hapo. Hajamaliza neno."

Mjukuu akafungua ile ya Ulaya. Ikakatika palepale. Akakaa chini kwenye kigoda, mikono kichwani. Akakumbuka kwamba alipokuwa anaishusha kutoka mahali pa zamani, mtandao ulikatika, ukarudi, jina likajiandika kamili, naye akadhani imekamilika. Kisha nusu ile ndiyo aliyoipeleka kote kuwili. Nami ndiye niliyejivunia nyumba mbili. Vibuyu viwili, milima miwili, na mbegu ileile mbovu ndani yake.

Sikumkaripia. Ningemkaripia kwa kinywa gani?

"Kule kwa zamani kumeshafungwa?"

"Jumatatu, bibi."

"Basi kesho tunapanda kwenye mnara. Mtandao huu wa nyumbani ni wa kutuma salamu tu."

Jumamosi tulitoka mara tu kulipopambazuka, mimi na fimbo, yeye na kompyuta ndani ya kanga. Afisa alitupa betri yake ya akiba, akasema angekuja lakini ana kikao. Mnara wa simu uko kwenye mgongo wa mlima, na pale kuna jiwe pana ambalo watu hukalia wakitafuta mtandao. Chini yetu ukungu ulikuwa umejaza mabonde yote, vilele vimebaki nje kama visiwa, na mbali upande wa magharibi ziwa lilikuwa limejitandaza, halina mwisho wala mwanzo. Juu ya maji wingu jeusi la wadudu wa ziwani lilikuwa limesimama wima kama moshi wa jiko ambalo hakuna aliyeliwasha. Utotoni mimi na dada tulikuwa tunawafukuza wadudu hao na vikapu, tunawakaanga. Niliona kama nikikaza macho nitawaona watoto wawili kwenye mchanga.

Mjukuu akaanza kuishusha upya. Ilichukua muda mrefu. Hakugusa kitu, hakupokea simu, alikuwa akitazama mstari unavyojaa kama mtu anayetazama maziwa yasichemke yakamwagika. Ulipojaa akasema, "Tusikilize yote, bibi."

"Yote."

Tukasikiliza karibu saa nzima. Dada akapita pale palipokatika, akaeleza jiko lilivyoungua, akaeleza nilivyofika Lundo nimevimba macho, akaeleza kitambaa. Akasema, "Mdogo wangu ndiye aliyeokoa mbegu kwa kuipanda tena vizuri." Sikujua kwamba alikuwa anasema hivyo kwa watu. Kisha akaaga. Kisha nikasikia kiti kinasogezwa, na maji yanamiminwa kwenye sufuria.

"Umeshazima?" dada akauliza.

"Tayari, bibi," ikajibu sauti ya mjukuu wangu, ya miaka ile.

"Basi nikwambie, na usimwambie bibi yako. Yale maharage mimi sikuyahifadhi. Kuni zilikuwa zimelowa, na maharage ya mlimani yanataka kuni za siku nzima. Niliyatupa nyuma ya mkeka nikasema nitapika kesho. Kesho nikasahau. Alipokuja analia ndipo nikayakumbuka." Akaguna. Akacheka kicheko kile, mpaka akakohoa. "Maisha yake yote ananiita mwenye akili. Mwache."

Halafu maji, kijiko, jogoo wa mtu, na ikaisha kweli.

Ukungu ulikuwa umeanza kupanda kututafuta.

"Ulijua," nikamwambia mjukuu.

"Nilijua, bibi. Aliniambia nisiseme."

"Halafu ukaliweka mahali dunia nzima isikie?"

"Nilisahau kuikata. Halafu nikaona, wa kuielewa ni wewe, na wewe ulikuwa unazima kabla."

Nilitaka kukasirika. Nilikunja uso kama ninavyoujua kuukunja, lakini nikaguna, nikasikia mguno wenyewe ni wa dada, kisha nikacheka mpaka fimbo ikaniponyoka ikateleza chini ya jiwe. Mvivu wewe, aliniambia. Na kitambaa changu kimelala nyuma ya mkeka wake.

"Niikate hapo mwisho, bibi?" mjukuu akauliza. "Iishie anapoaga?"

"Ukikata hata pumzi moja utahama kwangu. Ipeleke yote. Kwanza Ulaya."

Akaipeleka. Tukasubiri. Ilipofika nikamwambia aifungue huko huko Ulaya, pale pa mwisho. Dada akauliza kama imeshazimwa, akaungama, akacheka. Kisha Dar. Tukasubiri tena, betri ya afisa imebaki kidogo, na mjukuu akataka kuniambia kwamba sasa inatosha, jina lipo. Akaniangalia, akaifungua. Kuni zilikuwa zimelowa, dada akasema kutoka Dar es Salaam, akaguna.

Mara tatu asubuhi ile aliungama, kutoka nyumba tatu, moja ikiwa inafungwa. Ya tatu nilisikiliza nimefumba macho, ukungu umeshafika kwenye jiwe, simwoni mjukuu wala mnara wala ziwa, nasikia tu maji yanamiminwa kwenye sufuria.